Reli mbili, treni moja: Settle mpaka Carlisle ukiwa Mwembeladu

Duka hili la gemu halina kibao, na kijana mwenye duka hataki atajwe jina, kwa hivyo nitasema lilipo tu. Ukifika Mwembeladu, hapa mjini Unguja, kwa miguu, ingia kichochoro kilicho baada ya fundi cherehani, pita mlango wenye baskeli zilizofungwa minyororo, utasikia kelele kabla hujaona kitu. Chumba cha mbele ni cha mpira: watoto, televisheni, matusi madogo madogo. Chumba cha nyuma kimezibwa kwa pazia la kijani, na hicho ndicho ninachokiandikia. Humo mna skrini tatu zilizopangwa nusu duara, kiti kilichong'olewa kwenye Noah iliyokufa, na meza ya mbao yenye nyenzo mbili alizozichonga mwenyewe, mmoja wa mwendo na mmoja wa breki. Unakaa, unaendesha treni ya Uingereza kwenye gemu ya kompyuta.

Bei ni shilingi 3,000 kwa saa. Mwanafunzi wa skuli akija na sare hulipa 2,000. Maji ya kunywa yapo, kahawa hapana, na usije na kachori mkononi, maana mafuta kwenye nyenzo zake kijana hataki hata kuyasikia.

Nijitambulishe kidogo mjue anayesema ni nani. Nimeendesha daladala ya Bububu, 502, mpaka goti la kushoto likakataa klachi. Uingereza sijafika. Treni niliyopanda kwa mwili wangu ni ile ya umeme ya Dar kwenda Morogoro, mwaka 2024 ilipoanza kubeba abiria, na nilikuwa nakwenda mazikoni, sikutazama sana nje. Kwa hivyo hapa sikuja kwa mapenzi ya treni. Nilikuja kwa sababu mpwa wangu aliniambia, "Mjomba, kuna pahala utaendesha na hapana trafiki wa kukusimamisha."

Kijana ana njia nyingi ndani ya kompyuta yake. Wateja wengine huchagua za London, zenye reli nne nne, mbili za treni za haraka na mbili za treni za kila kituo, na dakika haipiti hujapishana na mtu. Mimi nikamwuliza ipi ambayo haitakwi. Akacheka. "Ami, hiyo ya Settle mpaka Carlisle. Reli mbili, tupu. Utalala." Nikamwambia niwekee hiyo hiyo.

Sikulala. Na tangu hapo nikienda huomba hiyo.

Njia yenyewe iko kaskazini ya Uingereza, maili 72 hivi, yaani kama kilomita 116. Unguja yetu kutoka Nungwi mpaka Makunduchi ni kilomita 85 au karibu na hapo, basi pima mwenyewe. Reli ni mbili, ya kwenda na ya kurudi, isipokuwa pahala pamoja nitakapopafikia. Treni hushika kushoto kama magari yetu, na hilo peke yake lilinipa raha. Mwendo wa juu, sehemu kubwa ya njia, ni maili 60 kwa saa.

Ukiondoka Settle unapanda. Mwinuko ni mita 1 kwa kila mita 100, na unaendelea hivyo maili kama 15 bila ya kukupa nafasi. Mwenye gari atasema mita 1 kwa 100 ni kitu gani, hata mpanda baskeli hashuki. Lakini gari ina mpira na lami. Treni ni chuma juu ya chuma, na mvua ikinyesha chuma hicho kinateleza, tena huko mvua haikosekani. Unausukuma wenzo mpaka mwisho, injini inanguruma chini ya sakafu, na mshale wa mwendo unasita pale pale. Mafundi wa makaa wa zamani, waliokuwa wakipanda hapo na koleo mkononi, waliita kipande hiki Mburuto Mrefu. Programu imelipata hili sawasawa. Gemu za magari nilizowahi kuonjeshwa na watoto hudanganya kwenye mlima. Hii mlima wake una uzito, na ukipunguza moto kidogo tu unalipa kwa maili nzima.

Kisha Horton, kisha Ribblehead, na hapo mbele yako ndipo penye daraja. Matao 24, urefu mita 400, kimo chake mita 32 kutoka bondeni, mawe matupu. Chini yake hapana mji wala mto wa maana, ni tope na majani na kondoo. (Kondoo wa kwenye skrini hawatikisiki. Nimemwambia kijana, anasema hilo haliko mikononi mwake.) Baada ya daraja unaingia handaki la Blea Moor, mita 2,404 za giza, unatoka upande wa pili kwenye stesheni ya Dent, iliyo mita 350 juu ya usawa wa bahari. Kwa England hakuna stesheni ya njia kuu iliyo juu zaidi. Na kijiji cha Dent chenyewe kiko mbali, zaidi ya kilomita 6 bondeni! Abiria anashushwa mlimani, akitaka kwao ajue la kufanya. Sisi tuliozoea kilima cha Masingini, ambacho mita 150 hakizifikii, tukae kimya.

Nilikuwa nikipita yote hayo, na mkono wa kulia reli ya pili imelala, inang'aa, na hapana kitu juu yake. Dakika kumi, hapana kitu. Mara treni ya mizigo inakuja, mawe ya kujengea au magogo, inapita kwa kishindo, kimya kinarudi. Dereva wa 502 akiona barabara ya namna hiyo anauliza: nani aliyelipia haya, na kwa ajili ya nani?

Jibu nimelitafuta, na ni kisa cha ugomvi wa abiria ambao dereva yeyote wa Darajani ataufahamu mara moja. Kampuni ya reli ya Midland ilitaka kupeleka watu Scotland. Njia iliyokuwapo ilipitia Ingleton, na kuanzia hapo mwenye njia alikuwa mpinzani wake, London and North Western. Mpinzani hakuzuia, alisumbua. Abiria wa Midland wakifika Ingleton walishuka, wakabeba mizigo yao, wakavuka bonde kwa miguu mpaka stesheni ya pili, ndipo wapate treni ya mwenzake. Midland ikachoka ikaomba kibali cha njia yake mwenyewe, ikapewa 1866. Mpinzani kuona hivyo akalegea, akataka wapatane. Midland nayo ikarudi Bungeni kusema basi, hatujengi tena. Bunge likakataa! Lililokwisha kupitishwa lijengwe. Kazi ikaanza 1869, abiria wakapita mara ya kwanza Mei 1876.

Ndiyo maana ni reli mbili na ndiyo maana kona zake ni ndefu na laini. Haikujengwa kwa ajili ya watu wa Dent, ilijengwa kwa treni za haraka zinazokimbilia Scotland. Vibarua walifika zaidi ya 6,000 kazi ilipopamba moto, wakiishi kwenye vibanda vya mbao hapo hapo chini ya Ribblehead pamoja na wake na watoto. Ajali na ndui viliwamaliza wengi. Makaburi yao yako Chapel-le-Dale, karibu na daraja, watu kama 200. Hilo programu haikuambii. Unapita juu ya daraja kwa maili 30 kwa saa na kengele inalia kwamba njia nyeupe.

Maana hiyo kengele ndiyo sehemu inayotaka akili, na ndipo ninapompa kijana alama kubwa. Kabla ya kufika ishara huwekwa kitu katikati ya reli kinachozungumza na treni. Njia ikiwa nyeupe inalia kengele. Ikiwa kuna tahadhari inalia honi, na una sekunde mbili hivi za kubonyeza kitufe kuonesha umesikia; usipobonyeza, breki zinajifunga zenyewe. Chini kuna pedali unayotakiwa kuikanyaga muda wote, ukizimia au ukisinzia mguu ukaachia, treni inasimama. Kijana ametumia pedali ya cherehani ya umeme. Inafanya kazi. Goti langu linalalamika, lakini kulalamika si kukataa.

Na ishara zenyewe si taa za rangi peke yake. Njia hii bado ina ile mikono ya zamani juu ya nguzo: mkono mwekundu ukilala, simama, ukinyanyuka, pita. Anayeunyanyua ni mtu, amekaa kwenye kibanda chenye madirisha, anavuta wenzo wa chuma. Kanuni yake ni moja: kati ya kibanda na kibanda, kwa kila reli, treni moja tu. Ya nyuma haiingii mpaka ya mbele itoke. Vibanda vilikuwa vingi, vingi vikafungwa, vikabaki vichache kama Garsdale, Kirkby Stephen na Appleby. Umbali kati yao umekuwa mkubwa. Sasa chukua treni ya mawe iliyokutangulia, inapanda pole pole. Reli ya kurudi iko wazi kabisa ubavuni mwako, haikusaidii kitu, wewe umesimama kwenye mkono mwekundu unasubiri mawe yafike kibanda kinachofuata.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuhesabu reli si kuhesabu nafasi. Kijana ananiwekea mizigo mbele makusudi siku hizi, anajua napenda.

Pahala pamoja penye reli moja ni pale darajani Ribblehead. Mwaka 1985 waliing'oa moja juu ya daraja ili treni mbili zisikutane juu ya mawe yaliyochoka. Mpaka leo, kutoka stesheni ya Ribblehead mpaka kibanda cha Blea Moor, mnapeana zamu. Ukikuta mwenzako ameshaingia upande wa pili, unakaa stesheni, upepo unavuma kwenye spika, kondoo wamesimama. Wanaopenda mwendo watachukia dakika hizo. Mimi nazipenda kuliko zote, kwa sababu kila kitu kilichokuwa kikionekana cha bure, ile reli ya pili tupu, kinaonekana thamani yake pale ambapo haipo.

Kuna mzee mstaafu wa bandarini ambaye huja kusubiri mjukuu wake chumba cha mbele, hufungua pazia akachungulia. Siku moja alisimama nyuma ya kiti changu kutoka Garsdale mpaka Appleby. Akasema, "Sasa bwana, treni zenyewe ndizo hizi, si wang'oe reli moja wauze chuma?"

Nikamwambia wenyewe waliliona hilo zamani, tena si reli moja, walitaka kufunga yote. Ripoti ya 1963 ya bwana Beeching, mkuu wa shirika la reli la Uingereza, iliitaja njia hii kwenye orodha ya kuondolewa abiria. Ikanusurika, lakini 1970 stesheni ndogo zikafungwa, zikabaki Settle na Appleby. Miaka ya 1980 ilifika treni mbili tu za abiria kwa siku kila upande, na shirika la reli likatangaza kufunga kabisa, hoja yao kubwa gharama ya kutengeneza daraja. Watu wakaandika pingamizi, zaidi ya 22,000, na mojawapo ina alama ya mguu wa mbwa. Mbwa huyo aliitwa Ruswarp, wa bwana Graham Nuttall, na wakaihesabu kwa hoja kwamba naye alikuwa abiria aliyelipiwa nauli. Sanamu yake iko stesheni ya Garsdale. Mzee akasema astaghfirullah, mbwa ana sanamu. Nikamwambia sikiliza mwisho: Aprili 1989 waziri akakataa kufunga. Daraja likatengenezwa, stesheni ndogo nane zilikwisha funguliwa tangu 1986, na mizigo ikarudi. Leo treni za abiria ni chache bado, lakini njia ya magharibi kwenda Scotland ikizibwa kwa matengenezo, kuna njia nyingine iliyo tayari.

"Na walizozing'oa?" akauliza.

Hilo ni swali zuri na nilikuwa nalo. Swindon mpaka Kemble walipunguza reli mbili zikawa moja mwishoni mwa miaka ya 1960. 2014 wakamaliza kuirudisha ya pili, kwa fedha mpya. Bristol, mlima wa Filton, zilikuwa nne, 1984 wakaacha mbili, 2018 wakarudisha nne. Na kuna ya Woodhead, kutoka Manchester kwenda Sheffield, hiyo inaniuma kuliko zote. Wakaitia umeme, wakachimba handaki jipya la reli mbili, wakalifungua 1954. Abiria wakasimamishwa 1970, mizigo ikafuata 1981, reli zikang'olewa. Sasa ndani ya handaki hilo zimelazwa waya za umeme mkubwa. Treni haina tena pa kupita.

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na yetu?" Alikuwa na maana ile reli ya Bububu waliyojenga Wamarekani mwanzoni mwa karne iliyopita, maili kama 7 kutoka Ngomeni, ambayo miaka ya 1920 ikafungwa, na ile ya kabla yake ya Sayyid Barghash kwenda Chukwani, iliyoachwa alipofariki 1888. Nimepita barabara ya Bububu umri wangu mzima nikipakia na kushusha, sijaona hata taruma moja. Lakini sitaki kuufanya huu uwe mfano. Zile zilikuwa reli nyembamba za njia moja, na gari zilipokuja zilichukua watu wote. Mzee hakukubaliana na mimi, tukaachana hivyo hivyo.

Nisisahau kwamba Wazungu hawa wana njia nyingine ya kutofunga reli: kupitisha treni moja kwa wiki. Kufunga njia rasmi kuna mlolongo mrefu wa sheria, kwa hivyo wanaona nafuu kuacha treni moja ipite ili isemekane ipo. Wanaiita treni ya bunge, kwa kukumbuka sheria ya 1844 iliyolazimisha makampuni yaweke japo treni moja kwa siku ya watu wa hali ya chini, senti moja ya Kiingereza kwa maili, na mabehewa yenye paa. Stockport mpaka Stalybridge, kupitia Denton, ilikuwa Ijumaa tu, upande mmoja. 2018 ikahamishiwa Jumamosi, kwenda na kurudi. Nimemwomba kijana anitafutie. Bado.

Sasa kasoro, maana zipo. Kitufe cha kujibu honi kinanasa. Unabonyeza kwa wakati, kinakwama chini, programu inadhani hujajibu, breki zinafunga, na wewe uko katikati ya mlima wa mita 1 kwa 100 unaanza upya kutoka sifuri. Abadilishe, hakizidi bei ya soda mbili. Skrini ya kushoto rangi yake imepauka, na kwa kuwa nguzo nyingi za ishara ziko kushoto, mkono mwekundu unaonekana wa waridi. Feni ni moja na inampuliza kijana. Spika ni nzuri lakini pazia si ukuta: nilikuwa ndani ya handaki la Blea Moor, giza, magurudumu yanapiga, raha yangu yote iko hapo, chumba cha mbele wakapiga kelele za bao.

Kubwa zaidi ni umeme. Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, ilikwisha nikiwa nateremka kutoka Ais Gill, mita 356, pale unapokabidhiwa mteremko na kazi yote inahamia kwenye breki. Skrini tatu zikazima. Hapana betri ya akiba na programu haikuhifadhi kitu. Kijana alikimbia kununua, akarudi, akanirudisha mwanzo kabisa Settle, na kwa haki yake hakunitoza saa ile. Lakini mtu aliyekwisha panda Mburuto Mrefu hataki kuupanda tena kwa kulazimishwa.

Na akuelezee zaidi kabla hajakuacha. Alinionesha mwendo na breki, akaniachia. Mimi miaka yangu ya breki ilinisaidia: kwenye treni breki ina hatua tatu na ya dharura, unatia mapema, unaachia mapema, unasimama stesheni abiria wasiyumbe. Kijana asiyewahi kuendesha kitu atapita Appleby na abiria wake wote ndani, atasema gemu mbovu.

Nenda asubuhi baada ya saa tatu, siku za skuli. Jumamosi usijisumbue. Lipia saa mbili, kwa sababu saa moja inakufikisha Appleby tu, na kutoka hapo mpaka Carlisle, Langwathby, Lazonby, Armathwaite, ukiufuata mto Eden, ndipo treni inakwenda vizuri baada ya milima yote ile. Mwambie akuwekee mvua, na akuwekee mizigo mbele. Saa mbili ni shilingi 5,000 wala si 6,000, ila uulize mwenyewe. Bila ya kuulizwa hasemi.